Nairobi Isiyokuwa Nairobi: Historia Fupi ya Kuunganisha Kwanta na Kompyuta za Kawaida

Leo tuongee historia kidogo, lakini historia ya mitambo.

Kati ya mwaka 2021 na 2023 kulikuwa na kompyuta moja iliyoitwa Nairobi. Kwenye orodha ya kampuni ya IBM jina lake liliandikwa ibm_nairobi. Ilikuwa kompyuta ya kwanta yenye kyubiti 7 zilizopangwa kwa umbo la herufi H, na mtu yeyote mwenye intaneti, awe Kitengela, Tanga au Kampala, aliweza kujiandikisha bure na kuipa kazi. Ila Nairobi hiyo haikuwahi kukanyaga Nairobi. IBM ilikuwa na desturi ya kuzipa mashine zake majina ya miji, na ndiyo maana kulikuwa pia na Johannesburg, Lagos, Jakarta na Melbourne. Mashine yenyewe ilikaa Marekani ndani ya jokofu.

Mimi naandika programu, na naandika haya nikiwa Mashuuru. Nimeichagua mashine hii kwa sababu inatufundisha jambo ambalo magazeti hulisahau kila yanapoandika habari za kwanta. Kompyuta ya kwanta haijawahi hata siku moja kufanya kazi peke yake. Tangu siku ya kwanza imebebwa mgongoni na kompyuta ya kawaida. Ukitaka kuijua historia yake, usiangalie tu idadi ya kyubiti. Angalia urefu wa njia iliyopo kati ya mashine hizo mbili.

KWANZA, KYUBITI NI NINI?

Biti ya kawaida ni kama swichi ya taa: ni 0 au ni 1. Kyubiti inaweza kushika mchanganyiko wa 0 na 1 kwa pamoja, na kyubiti kadhaa zinaweza kufungamana kiasi kwamba huwezi kueleza hali ya moja bila kutaja nyingine. Ukiipima, mchanganyiko huo unaanguka na unapata 0 au 1 tu. Ufundi wote ni kupanga hesabu ili majibu mabaya yafutane yenyewe, na jibu zuri libaki na nafasi kubwa ya kutokea unapopima.

Shida ni kwamba kyubiti ni dhaifu sana. Kwenye mashine za aina ya ibm_nairobi, kyubiti ni saketi ndogo ya chuma kinachopitisha umeme bila ukinzani. Inapozwa hadi takriban 0.015 ya digrii moja juu ya sifuri halisi, baridi kuliko anga za juu. Hata hapo inahifadhi hali yake kwa takriban mikrosekunde 100 tu, yaani sehemu 100 za milioni moja ya sekunde. Shika namba hiyo ya 100, maana tutairudia.

MWANZO: WAZO LILIKUJA NA MSAIDIZI WAKE

Mwaka 1981 mwanafizikia Richard Feynman alisimama kwenye mkutano kule Massachusetts akasema kwamba ukitaka kuiga maumbile kwa kompyuta, basi afadhali kompyuta yenyewe ifuate kanuni za kwanta. Mwaka 1985 David Deutsch wa Oxford akaeleza kihesabu jinsi kompyuta ya namna hiyo inavyoweza kuwa. Bado ilikuwa karatasi tu.

Mwaka 1994 ndipo watu waliposhtuka. Peter Shor, akiwa Bell Labs, alitoa algoriti ya kutafuta vigawo vya namba kubwa. Usiri mwingi wa intaneti unategemea ugumu wa kazi hiyo. Wengi wanadhani algoriti ya Shor ni ya kwanta mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Hebu tuifanye kwa mkono.

Tunataka vigawo vya 15. Chagua namba yoyote isiyo na kigawo kimoja na 15, tuseme 7. Zidisha 7 kwa 7 tena na tena, kila mara ukigawanya kwa 15 na kuchukua baki. Unapata 7, kisha 4, kisha 13, kisha 1, halafu unarudi kwenye 7. Mzunguko una hatua 4. Nusu ya 4 ni 2, na 7 mara 7 ni 49. Toa 1 upate 48, ongeza 1 upate 50. Namba kubwa zaidi inayogawa 48 na 15 ni 3. Namba kubwa zaidi inayogawa 50 na 15 ni 5. Na 3 mara 5 ni 15. Tumemaliza.

Sasa jiulize ni hatua gani iliyohitaji kwanta. Ni moja tu: kutafuta urefu wa mzunguko. Kwa 15 unauona kwa macho, lakini kwa namba yenye tarakimu mamia kompyuta ya kawaida haiwezi kuupata kwa muda wa maana. Kuchagua namba, kutoa, kuongeza, kutafuta kigawo na kuhakiki jibu, hayo yote ni kazi ya kompyuta ya kawaida. Kwanta inaitwa kama fundi wa kisima. Anakuja na mtambo wake, anachimba na kuondoka, na kubeba maji kunabaki kwa wenyewe.

Mwaka 1996 Emanuel Knill wa Los Alamos aliandika wazi namna ya kupanga programu za aina hii: kompyuta ya kawaida ndiyo bwana, inashika programu na kutoa amri, nayo kwanta ni rejista maalumu inayotii na kurudisha vipimo. Mpangilio huo ndio tunaoutumia hadi leo. Mwaka 2001 watafiti wa IBM na Stanford walifanikiwa kutafuta vigawo vya 15 kwa algoriti ya Shor, wakitumia molekuli zenye kyubiti 7 ndani ya mtambo wa sumaku. Kumbe ile 15 ya hapo juu ilichukua miaka 7 kutoka kwenye karatasi hadi maabara!

MZUNGUKO WA 2014

Kwa kuwa kyubiti zilikuwa chache na zenye makosa mengi, watu walianza kuuliza: je, mashine mbovu inaweza kusaidia chochote? Mwaka 2014 Alberto Peruzzo, Jarrod McClean na wenzao walichapisha njia ya kutafuta nishati ya molekuli kwa kugawana kazi. Kompyuta ya kawaida inakisia namba fulani. Kwanta inaandaa hali kwa kutumia namba hizo na kupima. Kompyuta ya kawaida inaangalia kipimo, inarekebisha namba na kutuma tena. Wanaendelea hivyo mamia au maelfu ya mara mpaka nishati ikome kushuka. Mwaka huohuo Edward Farhi na wenzake wakatoa njia inayofanana na hiyo kwa matatizo ya kupanga na kuchagua.

Faida ilikuwa kwamba kila safari ya kwanta ni fupi, kwa hiyo kyubiti inamaliza kazi kabla haijasahau. Hasara ilikuwa kwamba sasa njia kati ya mashine hizo mbili inapitiwa maelfu ya mara. Kama njia ni mbaya, hesabu nzima inalala njiani.

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoingia kwenye hadithi.

SISI NA WAYA WETU

Tarehe 4 Mei 2016 IBM iliweka kompyuta ya kyubiti 5 kwenye intaneti kwa ajili ya umma. Kwa mara ya kwanza hukuhitaji kuwa mtafiti wa maabara tajiri. Ulihitaji kivinjari tu. Na bahati nzuri kwetu, ilikuja wakati waya ulikuwa umeshafika. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti zinazokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara kupanda, kushuka, na jibu kurudi kwa njia hiyohiyo huchukua karibu milisekunde 480, na hapo hujahesabu kitu kingine chochote. Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Mambo yakabadilika.

Mwezi Juni 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kilikuwa cha kwanza Afrika kujiunga na mtandao wa kwanta wa IBM. Mpango huo ulifungua mlango kwa vyuo vingine 15 vya muungano wa vyuo vya utafiti barani, katika nchi 9. Kwa upande wetu muungano huo una Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na Rwanda. IBM yenyewe ilikuwa na maabara ya utafiti Nairobi tangu 2013, pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Na mwaka 2021 ndipo ile ibm_nairobi ilipojitokeza kwenye orodha.

Sasa tufanye hesabu ya njia. Kutoka hapa hadi New York ni takriban kilomita 11,800 ukienda moja kwa moja kama ndege. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 118, na hiyo ni kama kebo ingenyooka kama rula, jambo ambalo halipo. Linganisha na zile mikrosekunde 100 za uhai wa kyubiti. Ndani ya safari moja ya ujumbe kwenda na kurudi, kyubiti ingekuwa imesahau hali yake zaidi ya mara elfu moja.

Kwa hiyo huwezi kukaa Kajiado ukaiongoza kyubiti amri kwa amri. Ni kama kumwongoza kwa barua mchungaji ambaye simba yuko mbele yake. Unachoweza ni kutuma saketi nzima, ikafanywa kule kwa mkupuo, ukarudishiwa idadi ya 0 na 1. Na kila mara unaporekebisha namba zako, unatuma tena na kupanga foleni upya nyuma ya watu wa dunia nzima. Wazee wetu waliotumia kompyuta za kadi za matundu wanaujua mtindo huu: unakabidhi kadi zako kwa mhudumu, unarudi nyumbani, kesho unakuta majibu. Teknolojia ya kesho ilitufikia kwa taratibu za mwaka 1965.

PROGRAMU INAHAMIA KARIBU NA JOKOFU

Foleni haikuwaumiza Waafrika peke yao. Hata aliyekaa jirani na mashine aliteseka, maana kila mzunguko ulipita kwenye mtandao na foleni. Mwezi Mei 2021 IBM ilitangaza huduma ya kupakia programu yako yote, pamoja na ile sehemu ya kawaida, ikakae kwenye seva iliyo karibu kabisa na kwanta. Walitoa mfano wa kuiga molekuli ya lithi na hidrojeni: kazi ambayo ingechukua siku 45 ilimalizika kwa saa 9. Hiyo ni kasi mara 120. Si yote ilitokana na njia fupi, kwani waliboresha na programu na udhibiti, lakini somo lilikuwa wazi. Sehemu kubwa ya zile siku 45 haikuwa kwanta ikifikiri. Ilikuwa kusubiri.

Kwetu huku hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kuongezwa kyubiti. Programu ikishakuwa kule, mtu wa Mashuuru na mtu wa Manhattan wanalingana. Kebo yako inabeba barua moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hata mwezi Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua, kazi iliyokuwa imeshafika kule haikuwa na habari na waya wetu.

Baada ya hapo njia ikaendelea kufupishwa. Intel ilikuwa imeonyesha Desemba 2019 chipu ya udhibiti inayoweza kukaa ndani ya baridi, badala ya kujaza chumba kwa mitambo na msitu wa nyaya. Mwaka 2023 Nvidia na Quantum Machines walitangaza mfumo wa kuunganisha prosesa za michoro na vidhibiti vya kwanta. Mwezi Juni 2025 mashine ya IBM yenye prosesa ya kyubiti 156 ilizinduliwa Kobe, Japani, mahali pamoja na kompyuta kuu ya Fugaku. Oktoba 2025 Nvidia ikatangaza NVQLink, kiunganishi cha kazi hiyohiyo.

Kwa nini haraka yote hii? Kwa sababu ya kusahihisha makosa. Kyubiti moja ya kuaminika hujengwa kwa kuunganisha kyubiti nyingi zenye makosa na kuzipima mfululizo bila kupumzika. Vipimo hivyo ni mafumbo, na kompyuta ya kawaida lazima iyafumbue papo hapo, la sivyo yanarundikana. Desemba 2024 Google ilionyesha chipu ya Willow. Vipimo vilitoka kila baada ya mikrosekunde 1.1, na kompyuta ya kawaida ilifumbua kwa wastani wa mikrosekunde 63 bila kuachwa nyuma. Watu walishangilia kyubiti. Mimi niliishangilia hiyo 63, maana ni kazi ya watu wa fani yetu.

Tena fikiria hili. Mwezi Mei 2025 Craig Gidney wa Google alikadiria kwamba funguo za RSA za biti 2048 zinaweza kuvunjwa kwa kyubiti pungufu ya milioni 1 ndani ya wiki moja, wakati makadirio ya 2019 yalisema milioni 20. Mashine hiyo haipo bado. Lakini makadirio yote mawili yanadhani kompyuta ya kawaida itajibu vipimo ndani ya mikrosekunde 10. Siku njia hiyo fupi itakapotengenezwa, siri za benki na serikali zetu zitaguswa hata kama hakuna kwanta hata moja Kenya. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango 3 vya usimbaji vinavyokusudiwa kuhimili kwanta. Hiyo ni kazi ya kusasisha programu za kawaida kwenye seva za kawaida, na inaweza kuanza leo hapa hapa.

MWISHO WA NAIROBI

Mwishoni mwa 2023 ibm_nairobi ilizimwa pamoja na mashine nyingine ndogo za bure. Watumiaji wa bure wakapewa mashine za kyubiti 127, ambazo ni kubwa zaidi, lakini kwa mgao wa dakika 10 kwa mwezi. Mei 2024 IBM ikafunga pia programu zake za kuiga kwanta kwenye intaneti, pamoja na ile maabara ya kuandikia programu ndani ya kivinjari. Si dhambi, ni biashara, na mashine zilizeeka. Lakini mwalimu aliyekuwa ameandaa somo zima juu ya zile kyubiti 7 alibaki na karatasi zinazotaja mashine isiyokuwepo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuwa na tiketi ya kurudi.

Wapo wanaosema jibu ni Kenya kununua kwanta yake. Mimi sikubaliani nao, kwa sasa. Mashine bila watu wa kuandika sehemu ya kawaida ni jokofu la bei ghali. Wapo pia wanaosema tuachane nayo, ni mambo ya matajiri. Nao siwakubali, na hesabu inanisaidia.

Hali ya kyubiti 7 inaelezwa kikamilifu kwa namba 128. Kila namba ikichukua baiti 16, jumla ni baiti 2,048. Nairobi yote ya kihesabu inaenea kwenye simu ya bei rahisi na nafasi inabaki! Kyubiti 30 zinahitaji takriban gigabaiti 16, yaani kompyuta ya mezani nzuri. Kila kyubiti unayoongeza inazidisha mara mbili, kwa hiyo 127 haziigiki hivyo popote duniani. Lakini kujifunza algoriti ya Shor, ule mzunguko wa 2014, au kufumbua makosa, kunawezekana kwenye kompyuta yako, intaneti ikiwepo isiwepo. Kilichopotea ibm_nairobi ilipozimwa ni kuzoea makosa ya mtambo halisi.

Ushauri wangu kwa kijana wa Kitengela au Kajiado anayesoma kompyuta ni huu. Andika mwenyewe programu ya kuiga kyubiti 7, haizidi mistari mia chache. Saketi zako zihifadhi kwa OpenQASM, lugha iliyo wazi tangu 2017, ili huduma ikifungwa uhamie kwingine. Halafu elekeza nguvu kwenye upande wa kawaida: kutafsiri saketi, kupanga foleni, kufumbua makosa, usimbaji mpya. Upande huo hauhitaji jokofu, na historia yote niliyoisimulia inaonyesha ndiko mlango ulikobana.

Vyuo navyo, vinapotia saini mkataba wa kutumia mashine ya mtu, viulize maswali mawili kabla ya kupiga picha ya pamoja: programu yetu itakaa wapi wakati inafanya kazi, na mkataba ukiisha tutabaki na nini mkononi?

Nairobi ile ya kyubiti 7 haipo tena. Nairobi yenyewe ipo, na wanaojua kuandika programu wapo. Haya, kwa leo niishie hapa. Tuonane wakati mwingine.